Risasi Kabla Haijawa Risasi

Gereji iko Minnesota, mlango umeinuliwa nusu ili hewa ipite. Mwenye kazi anazima jiko, anavua barakoa nzito yenye vichujio viwili, anavua glavu za ngozi, anajifuta jasho la kipaji. Halafu anaelekea moja kwa moja kwenye sahani ya maandazi iliyo juu ya friji.

Anachukua moja kwa mkono uleule.

Wiki tatu sasa andazi hilo halijanitoka kichwani. Mtu yule si mzembe; yote aliyoambiwa kuhusu moshi aliyafuata. Ila adui hakuwa kwenye moshi. Na kadiri nilivyozidi kuliwaza hilo, ndivyo nilivyoona kwamba kosa hilohilo, la kukodolea macho mahali pasipo na tatizo, ndilo linaloharibu hata risasi zenyewe zinazosubiwa pale, yaani kuyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Watu wanahangaikia ugumu wa madini, kumbe kinachowaangusha ni kipimo.

Neno moja, vitu viwili

Kiswahili kinatutega hapa. Risasi ni madini, na risasi ni kile kinachotoka mtutuni. Ili tusipotezane, huku chini "risasi" itakuwa madini, na ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha nitaiita "kichwa". Ganda, baruti na fataki (kiwashio cha baruti) siziingilii.

Kusubu vichwa nyumbani ni desturi kongwe ya Marekani. Sheria ya shirikisho haimdai leseni mtu anayejitengenezea risasi za matumizi yake mwenyewe. Anayetengeneza ili auze ndiye anayetakiwa kuwa nayo. (Kenya na Tanzania kufanya hivyo bila kibali ni kesi, tena nzito.) Tarehe 9 Julai 1776 umati wa New York uliangusha sanamu ya Mfalme George wa Tatu, sanamu ya risasi iliyopakwa dhahabu. Sehemu kubwa ya vipande ilipelekwa Litchfield, Connecticut, na huko wanawake na watoto wakavisubu vikawa vichwa 42,088. Idadi tunaijua mpaka tarakimu ya mwisho kwa sababu hesabu ya wasubu iliandikwa.

Hesabu ya leo ni ileile ya mezani. Kichwa cha kawaida cha bastola ya milimita 9 kina greni 124, yaani gramu 8. Kilo moja ya risasi inatoa vichwa 124 hivi. Ukienda kwenye bastola ya .45 yenye kichwa cha greni 230, kilo hiyohiyo inakupa 67 tu.

Ndoo kutoka kwa fundi wa matairi

Kwa miaka mingi msubu wa Marekani alitegemea ndoo ya vile vipande vya kubalansi magurudumu. Vilikuwa na risasi, antimoni (madini yanayoikaza risasi) asilimia 3 au 4, na stani ("tin" kwa Kiingereza) kidogo sana. Mchanganyiko huo ulifaa bastola karibu zote bila kuongezwa kitu.

Siku hizi ndoo imebadilika. Ulaya ilipiga marufuku vipande vya risasi mwaka 2005, California ikafuata 2010, na mafundi wakahamia kwenye chuma na zinki. Chuma hakina shida, kinaelea na unakiopoa. Zinki ndiyo mchawi. Ikiyeyuka ndani ya chungu, madini yanakuwa kama uji ulioshika mabonge: hayajazi kona za kalibu, na vichwa vinatoka vimeviringika pale vinapotakiwa kuwa na ncha kali.

Kwa bahati, zinki huyeyuka kwa nyuzi 419 za Selsiasi na risasi kwa 327. Nafasi hiyo ndiyo pona yako. Ukiwa na kipimajoto na ukashikilia chungu chini ya nyuzi 370, zinki itaelea juu ikiwa nzima. Lakini usingoje mpaka huko. Chambua ndoo kwanza: vingi vimeandikwa "Zn" (zinki) au "Fe" (chuma) ubavuni. Kisichoandikwa, kibane kwa koleo la kukatia. Risasi inaingia koleo kama sabuni ya mche, zinki inagoma. Kidondoshe sakafuni: risasi inalia "pu", zinki inalia kama sarafu.

Betri za magari ziacheni. Najua ndizo rahisi kupata, na najua huko nyumbani wapo wanaozivunja uani. Sahani zake zina masalia ya asidi, kalsiamu na aseniki, na mavi yake (taka inayobaki juu ya madini yaliyoyeyuka) yakipata unyevu yanaweza kutoa gesi yenye sumu kali isiyoonekana. Hakuna kichwa cha bastola chenye thamani hiyo.

Tone moja

Mwaka 1905 watu wa Kusini mwa Tanganyika waliahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zitageuka maji. Kwenye chungu risasi hugeuka maji kweli. Hatari ni maji yenyewe yakiingia humo.

Tone likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya tone. Nafasi hiyo unaipata kwa kurusha risasi yote ya chunguni juu. Dari inapakwa fedha, na aliyekuwa ameinama anapakwa pia.

Maji yanaingiaje? Kwa kipande kilicholala nje na umande. Kwa kijiko baridi kilichotoka kwenye gereji yenye unyevu. Kwa jasho la paji la uso. Na kwa vichwa vilivyookotwa kwenye kichuguu cha uwanja wa shabaha: vile vyenye koti la shaba hushika maji ndani na kwa nje vinaonekana vikavu kabisa. Mara nyingine kwenye taka hizo kuna risasi nzima, yenye ganda na baruti, ambayo haikufyatuka.

Kwa hiyo takataka zote huwekwa kwenye chungu kingali baridi, kinafunikwa, ndipo moto unawashwa, na maji yanaondoka pole pole kabla madini hayajayeyuka. Madini yakishayeyuka chungu hakiongezewi taka. Kinaongezewa tu vipande visafi vilivyokuwa vinapashwa pembeni.

Na chungu kiwe cha chuma. Sufuria zetu za alumini hapana, hata iliyo nene. Kilo 20 za risasi hazijazi chombo cha lita mbili, ndiyo maana macho yanadanganyika. Alumini iliyopata moto mkali hulegea, na uzito huo wote umekalia kitako kimoja chembamba.

Usiteke stani ukaitupa

Madini yakiyeyuka, juu yake pana utando wa kijivu. Mgeni huuona uchafu, anauchota kwa upawa na kuutupa. Anatupa pesa. Utando huo una stani na antimoni zilizoungana na hewa, tena stani ndiyo ghali kuliko vyote vilivyomo.

Tia kipande cha nta kama punje ya njugu mawe, au vijiko viwili vya unga wa mbao uliokauka kabisa. Nta itafuka, na ikitaka kuwaka iwashe kwa kiberiti ili moshi upungue. Koroga huku ukikwangua kuta na kitako kwa kijiti kikavu. Kaboni inainyang'anya stani ile hewa na kuirudisha ndani. Kinachobaki juu baada ya hapo, unga mweusi mweusi na mchanga, hayo ndiyo mavi ya risasi. Yachote taratibu, bila kuyapuliza wala kuyapigapiga, yaingie kwenye kopo la chuma lenye kifuniko.

Likumbuke kopo hilo. Tutalirudia.

Kalibu ina tabia yake

Kalibu ni vipande viwili vya chuma, alumini au shaba nyeupe vinavyofumbana, na juu yake bamba lenye tundu la kumiminia. Bamba hilo ndilo pia kisu: ukiligonga pembeni kwa mpini wa mbao linakata kile kikonyo kinachobaki juu ya kichwa.

Karibu kila kasoro inasomeka kwa macho, na karibu kila mtu mwanzoni anaisoma vibaya.

Kichwa kina mikunjo kama tende: kalibu ni baridi, au imebaki na mafuta ya kiwandani. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, uikaushe kabisa, kisha uipashe kwenye jiko la koili kabla ya kuanza. Vichwa kumi au ishirini vya mwanzo vinarudi chunguni hata hivyo. Hakuna anayeviepuka.

Kichwa kimepauka kama kilichopata jivu: kalibu imepata moto kupita kiasi. Kinapiga vizuri tu. Punguza kasi, uendelee.

Kichwa kina mapezi membamba ubavuni: kalibu haikufumba sawasawa, kuna chembe ya risasi imekwama katikati. Itafute kabla haijaacha kovu.

Kitako kimeviringika au kina shimo: hapa ndipo pa kuwa mkali. Ncha iliyochubuka haina madhara makubwa, kitako kibovu kinapoteza shabaha. Gesi inakisukuma kichwa kwa nyuma, na ikipata upenyo upande mmoja mapema kuliko mwingine, kinatoka mtutuni kimeshaanza kuyumba. Mimina uache kikonyo kinene juu ya tundu, maana kichwa kinapopoa kinanywa risasi kutoka humo. Ngoja mpaka kikonyo kipoteze mng'aro, sekunde tatu hadi tano, ndipo ukate. Ukikata mapema bamba linapaka risasi na kung'oa kitako. Ukichelewa mno utapiga nyundo kama unapasua kuni.

Joto la chungu wakati wa kumimina, nyuzi 370 hadi 400. Stani asilimia 1 mpaka 2 inaifanya risasi itambae kwenye kona. Zaidi ya 400 stani inaanza kuungua na faida yake inapotea, kwa hiyo anayepandisha moto ili vichwa vijae vizuri huwa anajizungusha tu.

Ugumu, hirizi ya wasubu

Hapa ndipo shaka yangu ilipoanza kupata umbo.

Ukimwambia msubu kwamba mtutu wake umepakwa risasi ndani, jibu la kwanza ni: ongeza ugumu. Ataongeza antimoni. (Antimoni ndiyo iliyokuwa wanja wa manga wa mabibi zetu; wanja mwingi wa sokoni sasa ukipimwa hukutwa ni madini ya risasi yaliyosagwa, na hilo lina makala yake.) Au atadondosha vichwa moja kwa moja kutoka kalibuni kwenda kwenye ndoo ya maji, mbali na chungu, ili vikaze. Vinakaza kweli. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Brinell risasi tupu ni 5, vile vipande vya magurudumu ni kama 12, na vikizimwa majini vinaweza kupita 18 baada ya siku kadhaa. Risasi tupu hata uizime baharini haibadiliki, kwa kuwa haina antimoni ya kukaza.

Anarudi uwanjani, anapiga hamsini, mtutu umepakwa vilevile. Wakati mwingine zaidi.

Kisa ni upana. Mtutu una mifuo ya msokoto, na kichwa kinatakiwa kiijaze mpaka chini. Kikiwa chembamba kuliko mifuo kwa unywele tu, gesi ya moto inapita pembeni yake kama maji kwenye ufa wa bwawa, inakilamba ubavu na kuubandika mtutuni. Kichwa laini kidogo kingetanuka kwa msukumo na kuziba ufa. Kigumu hakitanuki. Ndiyo maana dawa ya ugumu inaweza kuzidisha ugonjwa.

Kanuni hiyo si ngeni. Mwaka 1849 Claude-Étienne Minié wa Ufaransa alitengeneza kichwa chenye kitako cha shimo, cha risasi laini, kilichoingia mtutuni kwa urahisi kikiwa chembamba, kisha kikatanuliwa na baruti yenyewe. Bunduki za kushindilia za aina ile mpaka leo zinataka risasi tupu.

Basi pima mtutu kabla ya kupima ugumu. Hakikisha silaha haina kitu, ifungue, tia mafuta ndani, kisha sukuma donge la risasi laini kwa kijiti cha mbao kutoka upande mmoja mpaka mwingine. Litoke na alama za mifuo, ulipime kwa maikromita sehemu zake za juu kabisa. Ongeza sehemu moja ya elfu ya inchi, yaani milimita 0.025. Huo ndio upana wa vichwa vyako. Bastola nyingi za milimita 9 zinaangukia inchi .356 hadi .358, ilhali kichwa cha dukani chenye koti la shaba ni .355. Tofauti ya kucheka, lakini ndiyo kesi nzima. Kwenye rivolva pima pia midomo ya vyumba vya silinda. Ikiwa imebana kuliko mtutu, kichwa kinasagwa kabla hakijafika na hakuna kifaa cha kusawazisha upana kitakachokuokoa.

Hata mahali uchafu ulipo panazungumza. Risasi ikiwa imebandika karibu na chumba, shuku upana. Ikiwa karibu na mdomo wa mtutu, mafuta yanayopakwa kichwa ili kiteleze yameisha njiani. Tia nta zaidi kwenye mifereji ya kichwa, au upake vichwa rangi ya unga na kuvioka kwenye oveni ambayo haitapika chakula tena maishani. Bunduki za kasi kubwa zina lao: huvalishwa kikombe kidogo cha shaba kitakoni.

Mitutu yenye mifuo ya mviringo ni habari tofauti. Watengenezaji wengine wanaonya kabisa usipige vichwa vya risasi visivyo na koti humo. Wasikilize.

Moshi na mkono

Turudi kwa maandazi.

Risasi huchemka kwa nyuzi 1,749. Chungu cha msubu kiko 400. Kwa joto hilo mvuke wa risasi unaotoka ni mdogo mno. Moshi unaouona ni nta na mafuta. Hewa ipite, ndiyo, na barakoa haidhuru. Lakini mtu aliyevaa barakoa kisha akalamba kidole amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Hatari iko kwenye unga. Ule wa kopo la mavi. Ule unaobaki kwenye meza baada ya kukata vikonyo. Ule wa kuchambua ndoo, kazi ambayo wengi huifanya mikono mitupu kwa vile "bado hatujawasha moto". Na kwa mpigaji wa ndani ya jengo, ule wa fataki, maana fataki za kawaida zina risasi ndani yake na moshi wake huo ni wa kuuogopa kweli. Anayesubu na pia kupiga ndani ya jengo mara nyingi huilaumu gereji kwa mzigo alioutoa uwanjani.

Mtoto anafyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kutokana na kiasi kilekile alichomeza, na mtoto ndiye anayetambaa pale viatu vilipopita. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu kwa miaka kadhaa mpaka kilipofungwa mwaka 2014. Mahakama mwaka 2020 iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Kiwanda si gereji, nakubali, na kule moshi wa tanuri ulikuwemo. Lakini mashine zilizimwa na sumu ikabaki kwenye udongo, mahali watoto wanapochezea. Huo ndio unga ninaousema, kwa kipimo kingine.

Kwa hiyo utaratibu wa gereji ni wa kuchosha, wala hauna picha nzuri za kuonyesha watu. Viatu vya kazi havivuki kizingiti. Nguo zinafuliwa peke yake. Meza inapanguswa kwa kitambaa chenye maji, kamwe haifagiliwi. Ufagio unarusha angani kile ulichotaka kuondoa. Hakuna kikombe cha chai ndani, hata kilichofunikwa. Mikono inaoshwa kwa maji baridi na sabuni maalumu ya kuondolea risasi, kwani sabuni ya kawaida huacha kiasi, kisha uso, kisha ndipo mtu aguse kitasa cha mlango wa jikoni.

Karatasi ya maabara

Kipimo cha damu ni tone na subira ya siku chache. Ukikitaja kwa simu nyumbani, "wananipima risasi mwilini", jiandae kumtuliza mama, maana atasikia ile nyingine.

Pima kabla ya kuanza msimu, ili uwe na namba ya kulinganisha, kisha miezi mitatu baadaye. Kwa watoto, Marekani tangu 2021 inahesabu mikrogramu 3.5 kwa desilita kuwa ndipo pa kuanza kuchukua hatua. Risasi iliyo kwenye damu hupungua nusu kwa kama mwezi mmoja ukiacha kuiongeza, lakini iliyoingia mfupani inakaa miaka na miaka, kwa hiyo namba iliyopanda haifai kungojewa ishuke yenyewe.

Ikipanda, usikimbilie kununua barakoa ya pili. Anza na viatu, kisha usukani wa gari.